Mashine ya Benchi la Mtu Mmoja

Chumba cha Masonara,
Nyuma ya Duka la Vioo,
Ghorofa ya chini.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa shemeji,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na watoto, na kwamba ile baridi uliyoilalamikia imepungua makali. Mgongo wako je? Mara ya mwisho ulisema unashuka ngazi kinyumenyume mpaka watoto wanakucheka. Niliposoma hapo nilitaka kucheka na mimi, kicheko hakikutoka, lakini nataka ujue kwamba nilitaka.

Sisi huku hatujambo. Mama anakula, analala, na cherehani yake inaunguruma kila asubuhi mpaka majirani wa juu wanagonga sakafu. Mimi pia nakula na kulala. Ukitaka zaidi ya hapo sina. Naamka, naoga, nafungua chumba cha kazi, nafunga. Watu wananipa pole, nasema asante, na wakishaondoka siwezi kukuambia alikuja nani. Sijalia tangu mazishi ya kaka yako, na hata siku ile nadhani nililia kwa sababu wenzangu walikuwa wanalia. Usishtuke. Umeniuliza hali yangu, na nimechoka kuwajibu watu kwamba ni nzuri.

Barua yako nimeipata na nimeirudia mara kadhaa. Umeuliza mambo mawili. La kwanza, ni mashine gani ya kuchomelea vitu vidogo ununue unitumie. La pili, kwa nini kila ukipiga simu Mama anasema ana sufuria motoni na kunikabidhi mimi. La Mama nitalifikia, nivumilie. Nianze na mashine, maana umesema unataka jibu kabla hujaingia dukani, na mimi nakujua: ukiachwa peke yako utanunua ile kubwa kuliko zote.

Lipo na swali la tatu ambalo safari hii hukuliandika. Uliliuliza kwenye simu siku ile ya kwanza, ulipokuwa bado unapiga kelele. Ulisema, shemeji, mnakaa benchi moja, hukuona? Daktari naye alikuwa ameshaniuliza, tena kwa upole, amekonda tangu lini. Nilimtazama yule daktari kama vile anauliza habari za mume wa mtu mwingine. Ini lilikuwa limeharibika siku nyingi, alisema, mtu hawezi kufika hapa bila kupungua mwili. Sikuwa na jibu kwake, na kwako pia sikuwa nalo.

Nadhani huku kufa ganzi kulianzia hapo, si kwenye kifo chenyewe. Wewe unajua kazi yetu ni macho. Sisi masonara mtu akiingia mlangoni hatumtazami usoni kwanza, tunamtazama vidoleni. Pete ikianza kucheza, mwenyewe amepungua. Ikimbana, amenenepa, au ana mimba ambayo hajaisema, na nimeshawahi kumpa mteja hongera kabla mumewe hajajua, ikawa balaa. Basi pete ya kaka yako niliitazama kila siku ya Mungu, iko pembeni ya mkono wangu, na haikucheza hata mara moja. Aproni juu ya sweta alivaa, akasema chumba kina upepo. Ndevu alifuga, nikamtania kwamba anatafuta mke wa pili. Lakini pete ilikaa palepale, na mimi nikaiamini.

Baada ya mazishi nikajiuliza, kama yeye sikumwona, basi naona nini? Mtu anaweza kuniletea kipuli chenye ufa nami nikasema kizima. Nilikata shauri kuuza benchi na kila kilicho juu yake. Dalali alikuwa ameshakuja kupima meza kwa mkono wake mwenyewe, shibiri kwa shibiri, huku akiguna ili bei ishuke. Ndiyo hali iliyokuwepo barua yako ilipofika, na ndiyo maana jibu limechelewa.

Sasa nikueleze tulivyokuwa tunafanya kazi, kwa sababu wewe hukuwahi kukaa benchini hata siku moja. Kaka yako alisema ulikimbia harufu ya tindikali. Usibishe, Mama pia anashuhudia.

Kuunga dhahabu kwa moto ni kazi ya mikono mitatu, na binadamu amepewa miwili. Mmoja unashika bomba la moto, mwingine unashika kitu chenyewe, na wa tatu unaweka lehemu, kile kipande kidogo cha madini laini kinachoyeyuka na kuziba kiungo. Masonara wengi wana kibanio chenye mguu, ndiyo mkono wao wa tatu. Sisi tulikuwa nacho kabatini, kimeota vumbi. Kaka yako alishika moto, mimi nikaweka lehemu. Hatukuambiana "sasa" wala "bado". Lehemu ikikaribia kuyeyuka alikuwa anatoa pumzi fupi puani, na mkono wangu ukawa umeshaondoka. Mteja mmoja alituambia hajui amlipe nani, maana anaona mtu mmoja mwenye mikono minne.

Siku hizi niko mimi na kibanio. Kazi inatoka, ila viungo vyangu vimenenepa. Mtu akiwa peke yake anaogopa lehemu haitatosha, anaongeza, ikiyeyuka inafurika pembeni kama uji, halafu anashinda na tupa akiipunguza. Mteja haoni. Mimi naona, na hapo ndipo niliposema wazo lako la mashine si baya, angalau nikaangalie kabla dalali hajarudi na mkokoteni.

Nilisindikizwa na jirani yetu fundi saa, yule tunayemwita Dakika kwa sababu tangu azaliwe hajafika mahali kwa wakati. Tulikubaliana asubuhi, akatokea jua la utosi, mkononi ana saa mbili na kila moja inasema lake. Ni mtu mwema. Tangu msiba ananiletea chai ambayo sikuiagiza, anaiweka na kuondoka bila kuzungumza, na kwa Dakika kutozungumza ni sadaka kubwa.

Tulipopita kwa fundi mageti pale kona, akatuuliza tunakwenda wapi. Kusikia mashine ya kuchomelea akavuta ile yake ya magurudumu.

"Mnakwenda kuliwa hela za bure. Hii hapa, chukua, nakuazima. Hii imeunga tangi la lori."

"Na hereni je?" Dakika akamuuliza.

"Hereni si chuma vilevile?"

"Wewe! Ukiwasha hilo dude hapo, hereni inakuwa marehemu."

Halafu akajiziba mdomo kwa mikono miwili, saa zote mbili zikagongana. Fundi mageti akainama kutafuta kitu chini ambacho hakikuwepo. Mimi nilisimama pale nikisubiri neno hilo liniume. Halikuniuma. Niliona haya kwa ajili yao na kwa ajili yangu, nikasema twende.

Muuza mashine ni mwanamke wa makamo, kanyoosha nywele kwa kuzivuta nyuma kabisa, na vidole vyake vina makovu madogo ya moto, kwa hiyo nilimwamini kidogo. Duka lake liko juu ya stoo ya matairi, na harufu ya mpira inakufuata mpaka ndani. Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliniuliza naunga nini zaidi. Nikamwambia mikufu, pete, vishikio vya vito, mara nyingine fremu za miwani. Akasema basi nina mbili za kukuonyesha, zilizobaki ni za kupamba duka.

Ya kwanza ni ile ya leza, ndiyo uliyoisifia wewe. Ni sanduku refu linalokufika kifuani, lina matundu mawili ya kuingizia mikono, na juu yake darubini ya kutazamia. Mikono inakuwa ndani, jicho kwenye darubini, mguu kwenye kanyagio. Ukikanyaga, mwanga unapiga pale pale ulipolenga, nukta kama ncha ya sindano, na vidole vyako havisikii joto. Kito hakipasuki. Lulu haiungui. Inaingia kwenye kona ambazo moto haufiki. Sikatai, ni mashine hasa. Lakini inataka umeme usioyumba, na wetu unayumba, na inakuja kwa kreti ambalo milango yetu hailipitishi bila kuvunja fremu.

Ya pili ni ya cheche. Hii ni kijisanduku tu, unaweza kukipakata kama mtoto. Kuna waya wenye koleo dogo, unalibana kwenye kazi yako, na kuna kalamu iliyosimama yenye sindano ngumu mbele. Unashika vipande vyako kwa mikono miwili, unagusisha sindano, unakanyaga, cheche moja, tayari. Pembeni inapuliza gesi kidogo ili mahali pale pasiwe peusi. Ina darubini yake ndogo. Inaacha alama ya duara ambayo itabidi uipitishie tupa, na kwenye fedha inasumbua kwa sababu fedha inakimbiza joto. Kwa dhahabu na chuma cha pua haina maneno.

Zote mbili zina jambo moja, nawe nadhani umeshaliona. Hazihitaji mtu wa pili. Mikono miwili inatosha. Muuza mashine alilisema hilo kama sifa, mwenyewe mtu mmoja anamaliza kazi yote, dada. Dakika alitazama matairi kupitia dirishani. Mimi nikasema ni vizuri.

Akaniambia nitoe kitu changu chochote anionyeshe kwa ile ya leza. Mfukoni nilikuwa na pete ya kaka yako, bado iko ndani ya kitambaa cha hospitali. Siku ya mwisho mwili ulivimba maji, muuguzi akaikata ili kidole kipumue. Usidhani niliitoa kwa mapenzi. Niliitoa kwa sababu ilikuwa imekatika na yeye alitaka kitu kilichokatika.

Pete ile tuliitengeneza pamoja kabla ya harusi. Yeye alikunja, akashika moto, na mimi nikaweka lehemu, kiungo kimoja tu, upande wa muhuri, ile alama ya sonara iliyogongwa kwa ndani. Ndiyo kazi yetu ya kwanza kufanya wawili. Nimeifafanua hivi ili ujue naijua ile pete kuliko ninavyoujua uso wangu.

Yule muuzaji akaingiza mikono, akakanyaga, tak, tak, tak. Pale alipokata muuguzi pakaanza kujifunga safi, bila mstari. Akasogea pembeni kidogo. Mashine ikafyatuka vibaya, ikatema, na pakabaki shimo jeusi.

"Dada, hapa pana lehemu," akasema. "Hii haipendi lehemu ya zamani. Inachemka na kutema."

"Hapo hapana lehemu. Kiungo kiko upande wa muhuri. Nimekiweka mwenyewe."

"Mimi sibishani na wewe. Mashine ndiyo inayobisha."

Akatoka kwenye kiti, nikakaa mimi. Nilisogeza jicho kwenye darubini na kuizungusha ile pete taratibu. Kiungo chetu kilikuwepo pale pale kwenye muhuri. Pembeni ya shimo jeusi palikuwa na mstari mwingine. Nikazungusha tena, mwingine. Tena, mwingine. Imefunikwa vizuri, imesuguliwa, imeng'arishwa, jicho tupu haliwezi kukamata. Nikaomba kijiti cha kupimia pete, nikaivalisha, nikaibana pale ilipokatwa. Ilikwama huko juu kijiti kinakokuwa chembamba, mbali na alama ya siku ya harusi. Ilikuwa pete ya kidole chembamba, cha mtu nisiyemjua.

Shemeji, kaka yako alikuwa anaipunguza. Kila ilipoanza kucheza aliivua, akaikata, akatoa kipande, akaiunga tena, akaivaa kabla sijarudi. Sasa ndiyo naelewa kwa nini mwaka wake wa mwisho wote nilikuwa natumwa tindikali, kaa, msasa, tena kwa yule muuzaji wa mbali, eti wa karibu anachakachua. Alijua nitatazama wapi. Hakuhangaika sana na uso wake, wala na mabega. Alihangaika na mahali pamoja tu, kwa sababu alimjua mkewe.

Na moja ya ile mistari ilikuwa imenenepa. Lehemu imefurika pembeni, imepunguzwa kwa tupa lakini haikuisha yote. Hiyo ni kazi ya mtu aliye peke yake, anayeogopa haitatosha. Mimi naitambua kwa sababu ndivyo vinavyotoka viungo vyangu tangu aondoke. Alihitaji mtu wa kumwekea lehemu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa anafichwa.

Nilikasirika. Nikuambie kweli, nilikasirika mpaka meno yakauma. Nilimtukana kaka yako kwa sauti, dukani kwa watu, maneno ambayo siwezi kukuandikia siku ya Jumapili. Muuza mashine akaenda kusimama karibu na mlango. Dakika alikuja akashika bega langu. Nilikuwa sijahisi jambo lolote kwa muda mrefu kiasi kwamba ile hasira ilikuwa kama mgeni aliyeingia na viatu. Nilimwacha akae. Nikiwa bado natukana, machozi yakaanza kutoka, nikaendelea na yote mawili.

Pete sikumruhusu aimalizie. Iko hapa, imefungwa nusu, na sina haraka nayo.

Niliporudi nyumbani Mama alikuwa kwenye cherehani. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Nilitegemea alie, au aseme nimechanganyikiwa. Aliendelea kukanyaga mpaka akamaliza upindo, akakata uzi kwa meno, akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Suruali zake nilizibana mimi," akasema.

Nikamwuliza suruali zipi.

"Zote. Mara ya kwanza aliniambia zimelegea kwa kufuliwa. Mara ya pili hakuniambia kitu, alizileta tu. Nikamwuliza, mwanangu, unaumwa? Akasema atapona, nisikuambie wewe, utaacha kazi uanze kumbeba mgongoni. Akaniapisha. Mimi ni mama yake, akiniomba ninyamaze nifanyeje?"

Kumbe tulikuwa tunakula meza moja, yeye na suruali zake, mimi na pete yangu, na katikati yetu mtu anaomba chumvi.

Halafu akasema jambo ambalo ndilo jibu la swali lako la pili. Alikusikia siku ile kwenye simu. Simu ilikuwa mkononi mwangu lakini sauti yako ilijaa chumba kizima. Alikusikia ukiniuliza kama sikuona, na akaniona mimi nikikosa jibu, na yeye jibu alikuwa nalo. Tangu siku hiyo anaogopa utamwuliza na yeye. Hana hasira na wewe kwa kutofika mazishini, shemeji. Wewe ulidhani amekususa. Mama anakukimbia wewe, mwanawe wa pekee aliyebaki, kwa sababu ya swali moja, na sufuria motoni haipo.

Nilimkasirikia pia, sitakuficha. Siku mbili hatukuzungumza isipokuwa habari za chakula. Lakini ukimwona mtu mzima anakula huku anakuchungulia kama mwizi, hasira inakosa pa kushika. Siku ya tatu niliingia chumbani kwake nikamtungia uzi kwenye sindano, maana macho yake hayaoni tundu. Akasema asante, mwanangu. Basi, tumerudi tulipokuwa.

Sasa nikuambie na wewe lako, maana nimeliona baada ya hayo. Wewe ulimpigia simu ya video karibu kila Ijumaa. Unakumbuka mlivyokuwa mkizungumza? Alikuwa anakuonyesha kazi. Tazama mkufu huu, tazama kishikio hiki, sogea uone. Na aliyekuwa ameshika simu ni mimi, nikiielekeza benchini, kwenye mikono yake, na mkononi ile pete ikiwa imetulia tuli. Hata mara moja hakukupa uso wake mwaka ule wa mwisho. Wewe nawe ulikuwa unatazama na hukuona. Nilipokusikia ukinipigia kelele nilidhani unanilaumu. Leo nadhani ulikuwa unajiuliza mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Basi jibu lako ni hili. Nilikuwa natazama. Sikukosa macho, wala wewe. Alitushinda ufundi, na mtu anaposhindwa na sonara kama yule si aibu. Dalali nimemrudisha alikotoka. Alikasirika, akasema nimempotezea muda, nikampa kiti akakaa, nikamtengenezea kishikizo cha mkanda wake wa saa, akaondoka akiguna kama alivyokuja.

Turudi kwenye mashine. Usinunue ya leza. Najua unaiweza, na najua kwa nini unataka iwe kubwa. Hakuna anayekudai kitu huku. Chukua ya cheche. Hakikisha kalamu yake inabadilishwa sindano, uniongezee sindano za akiba kwa kuwa nitazivunja mwanzoni. Angalia darubini isiwe ya kubandika tu, ishikwe na mkono wa chuma usiotikisika. Kanyagio liwe zito kidogo, yale mepesi yanafyatuka ukikohoa. Mtungi wa gesi usihangaike nao, hapa wanajaza, na watu wa ndege hawatakuruhusu. Jaribu kwanza kwa kuunga pete mbili za waya mwembamba, ukizivuta zisiachie. Ukishindwa, mwambie mwenye duka akufanyie, ila umtazame.

Ile ya leza ukiinunua itakuja yenyewe kwa kreti, na makaratasi, na wewe utabaki huko. Hii ya cheche, nimeuliza, inaingia kwenye begi la mkononi. Uzito wake mtu mwenye mgongo mbovu anaumudu. Ndiyo sababu yangu kubwa ya kuichagua, zaidi ya umeme na milango. Usiitume, shemeji. Ibebe. Kaa nayo miguuni mpaka ufike, ushuke nayo, uingie nayo ndani mwenyewe.

Nisalimie mkeo sana, mwambie kitenge kilifika na kinanikaa. Watoto waambie mama yao mkubwa anawakumbuka, na yule mdogo aache kutafuna penseli. Binti yetu yuko chuoni, hajambo, ameniagiza nikusalimie baba yake mdogo. Dakika naye anakusalimu. Alikuwa aje kuniletea stempu tangu asubuhi, bado tunamsubiri. Mungu akulinde njiani na akuweke karibu na watu wako.

Nilimwuliza Mama kama nikuandikie habari za suruali au nikuache mpaka uje, akuambie mwenyewe. Mguu wake ulibaki kwenye kanyagio la cherehani lakini haukukanyaga. Akasema niandike, ili ukifika uwe umeshajua, na yeye akifungua mlango asiwe na la kusema, akushike tu.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,

Mke wa kaka yako.